Shanta Lenye Mifupa Nje

Jamani, nimelipata! Siku tatu zilizopita, saa tatu asubuhi, soko la Memorial hapa Moshi, marobota ndiyo kwanza yanafunguliwa, nikaona kipande cha bomba la alumini kikimetameta chini ya rundo la mabegi ya shule. Nikavuta. Likatoka bomba moja, likafuata la pili, vikafuata vipago vinne kama vya ngazi, mwishoni likaibuka begi zima la nailoni ya rangi ya chungwa iliyopauka, limeshikamana na fremu yake kama mtoto mgongoni. Moyo ulinienda mbio. Miaka yote niliyotembea milimani nimeyaona mabegi haya kwenye picha tu: shanta la fremu ya nje, aina ile ile iliyowatembeza Wamarekani kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada. Muuzaji akataja elfu arobaini. Nikalipa elfu thelathini na tano, nikalikumbatia, nikaondoka kabla mtu mwingine hajalishika.

Tangu siku hiyo sijafanya kazi nyingine ya maana. Nimelifungua lote, nimelipima, nimelijaza, nimepanda nalo Kibosho na kushuka nalo, nimelipeleka kwa fundi viatu na kwa jirani yangu aliyebeba mizigo Kilimanjaro zaidi ya miaka ishirini. Haya ninayoandika ni ya siku tatu za kwanza, na bado nina joto nalo. Lakini swali nililokwenda nalo sokoni ni zito na nimelipatia jibu: begi la kutembea nalo wiki baada ya wiki linadumu kwa sababu gani?

Nilidhani jibu ni ugumu. Kumbe siyo.

Mkononi

Mabegi mengi ya siku hizi yana fremu, ila imefichwa. Ndani ya mgongo wa begi kuna ubapa wa alumini au kipande cha plastiki ngumu, kimeshonewa humo, hukioni na hukigusi. Hili langu limefanya kinyume. Mabomba mawili yamesimama wima kushoto na kulia, yamepindwa kwa upole kufuata mgongo wa binadamu: yanaingia kidogo kiunoni, yanatoka, yanaingia tena mabegani. Vipago vinne vinayaunganisha. Begi lenyewe halijashonwa kwenye fremu. Limening'inizwa kwa pini nane. Mgongo wako hauligusi begi wala bomba. Unaegemea kwenye mikanda miwili mipana ya nailoni iliyokazwa katikati ya mabomba kama kamba za kitanda, na nyuma ya mikanda hiyo upepo unapita.

Niliketi nalo mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi nikaanza kuangalia viungo. Hapa ndipo nilipopagawa! Kila mahali kipago kinapokutana na bomba kuna mshono wa kuchomelea unaozunguka pande zote, mwembamba, umepangika kama magamba ya samaki. Vyote vinane. Nilipitisha ukucha taratibu juu ya kila kimoja nikitafuta ufa. Kuchomelea alumini si kama kuchomelea geti. Alumini inajivika ngozi ya oksaidi ambayo huyeyuka kwenye joto kubwa mara tatu ya alumini yenyewe, kwa hiyo fundi lazima aivunje ngozi hiyo kwa umeme huku akiukinga moto wake kwa gesi ya agoni, na akichelewa sekunde moja bomba jembamba linatoboka. Mtu aliyechomelea viungo hivi vinane hakuchelewa hata kimoja.

Nembo imebanduliwa, zimebaki nyuzi nne kwenye mfuniko. Kwenye mkanda wa kiuno, upande wa kulia, kuna mshono ambao hakika si wa kiwandani: uzi mweusi mnene, umepigwa kwa mkono, mishono mikubwa isiyolingana, imara kabisa. Mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kukaa chini na sindano akaliponya begi hili. Nilikiangalia kiraka kile muda mrefu.

Lilikotoka

Kabla ya alumini kulikuwa na mbao. Miaka ya 1920, Lloyd Nelson wa jimbo la Washington alitengeneza fremu ya mbao iliyovishwa turubai, ikaitwa Trapper Nelson, na kwa miongo kadhaa wawindaji na walinzi wa misitu wa Marekani walitembea nayo. Ilikuwa ngumu kweli, ila uzito wote ulining'inia mabegani.

Mwaka 1951 seremala mmoja wa California, Dick Kelty, alikuwa matembezini na rafiki yake kwenye milima ya Sierra Nevada, kila mmoja na fremu yake ya mbao. Katika kuhangaika na mzigo wakaichomeka miguu ya fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Mabega yakapumua! Uzito ulikuwa umeshuka nyongani. Mkanda wa kiuno unaoufunga leo kwenye kila begi la maana una asili yake kwenye mifuko ile ya suruali.

Mwaka uliofuata, 1952, Kelty akaanza biashara nyumbani kwake Glendale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha ndege, na alumini aliijua. Yeye akaunda fremu, mkewe Nena akashona mabegi. Mwaka wa kwanza waliuza mabegi 29, kila moja dola 24. Miaka 11 baadaye mabegi yao yalikuwa Everest, migongoni mwa msafara wa Wamarekani ambao mwanachama wake, Jim Whittaker, alifika kileleni tarehe 1 Mei 1963. Na sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tusisahau upande wa pili wa picha hiyo: vifaa vya msafara ule vilifikishwa mlimani na wapagazi zaidi ya 900 wa Nepali, wengi wakiwa na kamba kwenye paji la uso. Fremu ilikuwa kitu kipya. Migongo ilikuwa ile ile ya siku zote.

Kisha zikaja njia ndefu. Appalachian Trail ya mashariki mwa Marekani ina kama kilomita 3,500. Pacific Crest Trail ya magharibi ina kama 4,265, sawa na kutembea reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mara tatu na kubakiwa na ziada. Miaka ya 1970 ukikutana na mtu kwenye njia hizo, mara nyingi ungeiona fremu ya alumini ikichomoza juu ya kichwa chake kabla hujauona uso.

Sasa piga hesabu nami. Hatua ya mtu mwenye mzigo ni kama sentimita 70. Kilomita 4,265 ni hatua zaidi ya milioni 6. Kila hatua mzigo unaruka kidogo na kutua, na kila ukitua, bomba linajikunja kiasi ambacho jicho halioni. Mara milioni 6! Hiyo ndiyo kazi tunayoipa fremu tunaposema tunataka begi la safari ndefu.

Alumini inachoka

Chuma, ukikibebesha chini ya kiwango fulani, kinaweza kurudia mzigo ule ule karibu bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho. Kila mkunjo, hata mdogo vipi, unawekwa kwenye hesabu, na siku moja hesabu inatimia. Kwa hiyo mbona watu wakatumia alumini? Kwa sababu ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma, na kwa sababu mtengenezaji makini anaweza kuifanya mikunjo iwe midogo kiasi kwamba hesabu inachukua miaka mingi kutimia. Analitanua bomba ili lisijikunje ovyo. Anaupindisha mgongo wa fremu ili mzigo ukae karibu na mwili. Analining'iniza begi kwa pini zinazocheza kidogo, ili mshtuko wa hatua ugawanyike badala ya kupiga kiungo kimoja.

Na ufa ukija, unakuja mahali panapojulikana. Joto la kuchomelea hulegeza alumini ya jirani, kwa hiyo ufa mara nyingi hauanzii katikati ya mshono. Unaanzia pembeni yake, umbali wa ukucha tu. Ndiyo maana nilitumia ukucha. Kwenye fremu iliyofichwa ndani ya kitambaa, ukucha wako hauna pa kupita.

Kupanda Kibosho

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi juzi alfajiri nililala nacho. Mwenye duka wa mtaani kwetu alinipimia kwenye mizani yake: begi tupu kilo 2.4. Nikaweka dumu la maji la lita 10, mchele kilo 5, hema na blanketi kilo 2.6. Jumla kilo 20, kiwango ambacho mpagazi wa Kilimanjaro haruhusiwi kukizidi anapopimiwa mzigo getini. Nilikichagua kwa heshima.

Dumu nililipakia juu kabisa, karibu na mabega. Kwenye begi la kawaida mzigo mzito ukiwa juu unakuyumbisha. Hapa fremu inausimamisha wima na kuutua nyongani. Nilifunga mkanda wa kiuno kwanza, nikaukaza hadi ukakaa juu ya mifupa ya nyonga, ndipo nikavuta mikanda ya mabega. Nikasimama wima. Niliweza kuingiza vidole viwili kati ya mkanda na bega! Kilo 20 mgongoni na mabega yangu yalikuwa wazi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa dakika ishirini za kwanza, mzigo wangu mwenyewe ulikuwa kanda la usufi. Nilipita migomba, nikapita kahawa, barabara ikaanza kusimama na udongo mwekundu wa masika ukaanza kung'ang'ania viatu. Baada ya saa moja mapaja yalikuwa yanasema. Mabega, kimya. Baada ya saa mbili nilisimama kwa mama mmoja anayeuza ndizi mbivu, nikalitua begi chini, na hapo nikapata furaha nyingine: linasimama wima! Miguu miwili ya fremu na fimbo niliyoiegemeza nyuma, likatulia kama kigoda. Nikapitisha mkono mgongoni. Shati lilikuwa limelowa kwapani na kifuani. Mgongoni lilikuwa kavu.

Kushuka ndiko kulikonipa somo. Begi lilianza kulia. Kwenye kila hatua ya mguu wa kulia, kii, kii, kii, mahali fulani chini. Nusu saa kutoka nyumbani kona ya chini ya begi ikalegea na kuanza kunipiga pajani. Nikatua, nikainama, nikaona: pete moja imetoka, na pini inatoka kwenye tundu lake polepole.

Pini na pete

Hapa ninaomba uvumilivu wako, ndugu msomaji, kwa sababu kitu hiki kidogo ndicho kiini cha yote. Pini ni kijiti cha chuma chenye kichwa bapa upande mmoja na kitundu upande wa pili, kinene kama mrija wa wino wa kalamu, kirefu kidogo kuliko upana wa bomba. Inapita kwenye ringi ya shaba iliyopigwa kwenye kitambaa cha begi, inapenya bomba, inatokeza upande wa pili. Kwenye kitundu chake unaingiza pete ndogo kama ile ya funguo. Basi. Pini nane, pete nane, na begi lote limeshika.

Pete ikinasa kwenye kichaka au ikichoka kwa kucheza, inafunguka na kupotea. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye begi hili, na kila aliyetembea sana na fremu ya nje anajua kubeba za akiba. Mimi sikuwa nazo. Nilichomoa pete kwenye funguo za nyumba, nikaivika pini, nikaendelea na safari. Dakika tatu! Jana nilipita duka la vifaa vya ujenzi nikanunua pete za funguo kumi, na bolti nyembamba nne zenye nati ya kujikaza, za kuweka akiba pini yenyewe ikikatika.

Usiku wa juzi nilikaa nikaliwaza jambo hilo. Sehemu iliyoharibika ni ile ile iliyotengenezwa kuharibika kwanza. Imetoka peke yake bila kupasua kitambaa wala kutoboa bomba, na mbadala wake uko kwenye mfuko wa suruali ya kila mtu mwenye mlango.

Dole gumba la mzee

Juzi hiyo hiyo jioni nililipeleka kwa jirani yangu, mpagazi mstaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hebu lete hilo."

Hakulivaa. Alilaza fremu magotini, akaanza kubonyeza kiungo kimoja kimoja kwa dole gumba kama mtu anayechagua parachichi, sikio lake ameliinamisha. Alipofika kipago cha chini kulia akabonyeza, likalia: kii. Akabonyeza tena.

"Hiki hakijavunjika. Pini imekula tundu kidogo. Kipake mshumaa." Kisha akaniangalia. "Kinacholia kinakuonyesha kinapoumia. Kinachonyamaza ndicho kinachokuangusha njiani."

Akanisimulia kuhusu begi la mgeni mmoja, la bei kubwa, jipya, ambalo ubapa wake wa ndani ulitoboa kitambaa na kutokea mgongoni walipokuwa wanapanda ukuta wa Barranco, Kilimanjaro. Hakuna aliyejua kama umetoka mahali pake hadi ulipomchoma mwenyewe. Walishindwa kuurudisha, kwa sababu ulikuwa umeshonewa ndani, na kuufikia kungehitaji kuchana begi. Mzigo ule ulimaliza safari ndani ya gunia, kichwani mwa mzee.

Nilipaka mshumaa. Limenyamaza kwa heshima, na nikilisikia tena nitajua pa kuangalia.

Linapoumia, na dawa yake

Nimeliweka begi hili lote kwenye mizani ya madhara, na ninakwambia waziwazi kila udhaifu wake, kwa sababu ninalipenda.

Ndani ya nailoni hupakwa utando wa kuzuia maji. Utando huo unauawa na joto na unyevu: unakuwa wa kunata, unanuka uchachu, unabanduka kama ngozi iliyoungua. Wangu umekwisha kabisa. Niliusugua kwa maji ya sabuni na brashi laini ukatoka wote, na sasa ninapakia vitu ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni. Begi halizuii mvua tena, lakini kitambaa chake bado ni kizima.

Adui mwingine wa nailoni ni jua, linalokata nguvu ya nyuzi polepole. Mahali pa kupima ni juu ya mfuniko, panapopigwa na jua kuliko kwingine. Vuta kwa vidole gumba viwili. Kitambaa kikichanika kama karatasi, begi limekwisha, ingawa fremu bado ni mali.

Ringi za shaba zikilegea, fundi viatu anakupigia nyingine. Mikanda ya mabega inatoka kwa pini zile zile, kwa hiyo ikichakaa unashonesha mipya na kuivika mahali pake. Klipu ya plastiki ya kiuno ikivunjika, mabegi ya shule yaliyokufa yamejaa klipu.

Bomba ndilo linalotisha, na linaumia zaidi kwenye kiwanja cha ndege au juu ya basi kuliko njiani. Likipinda kidogo, liache! Kulinyoosha ni kulikunja mara ya pili, na alumini inakumbuka. Likipasuka, fundi wa mageti na mashine yake ya fito za kuchomelea hataliweza, ila kuna njia ya zamani: chomeka ndani kijiti cha mti mgumu au bomba jembamba linalobana, kisha piga riveti juu na chini ya ufa. Si nzuri kuiangalia lakini inakufikisha. Hata jeshi la Marekani liliziamini riveti. Begi lake maarufu la ALICE, lililoanza kutumika mwaka 1973, lina fremu ya mabomba ya alumini yaliyoungwa kwa riveti.

Mbona yalipotea?

Mwaka 1967 Mmarekani Greg Lowe alitengeneza begi lenye fremu ndani, na wapandaji wa miamba wakalishangilia kwa haki kabisa. Fremu ya nje ni pana, inanasa kwenye matawi, inakuvuta nyuma unapopinda mwili. Kwenye mwamba hilo ni hatari. Kwenye daladala ni kero, kwenye bodaboda ni kero zaidi. Kidogo kidogo soko lote likahamia ndani.

Lakini wazo halikufa! Angalia mabegi mepesi ya kizazi kipya: Zpacks ya Florida inauza begi ambalo mgongo wake unategemea fito za kaboni zilizopindwa kama upinde, begi likikaa mbali na mwili, upepo ukipita. Ni mfumo ule ule wa shanta langu, kwa uzito ulio chini ya nusu yake. Ninauheshimu sana. Ila kaboni ina tabia yake: haipindi ikakuonya, inabeba, inabeba, kisha inakatika. Kwa anayetembea na kilo 10 kwenye njia yenye posta na maduka kila wiki, ni chaguo zuri mno. Kwa anayetembea na kilo 20 mahali ambapo duka la karibu linauza misumari, sabuni na pete za funguo, ninachagua alumini bila kusita.

Ukilikuta sokoni

Liweke chini chali kwenye sakafu iliyonyooka. Kona zote nne zikigusa, fremu haijapinda. Shika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, zungusha kama unakamua nguo: ikirudi yenyewe, nzuri, ikitoa mlio mkali wa ghafla, tafuta ufa. Pitisha ukucha pembeni ya kila mshono. Hesabu pini. Nusa ndani. Vaa, funga kiuno, na uangalie mikanda ya mabega inaanzia wapi: ikianzia sawa na mabega yako au chini yake kidogo, limekutosha. Ikianzia juu sana, chomoa pini ushushe mikanda kwenye matundu ya chini. Fremu nyingi zina matundu ya ziada kwa kazi hiyo. Usikatishwe tamaa na nembo iliyotoka, rangi iliyopauka wala zipu inayokwama. Zipu ipake mshumaa.

Mimi nimeshapanga. Masika yakiisha, ninakwenda nalo Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae, kijiji kwa kijiji kwenye mgongo wa milima, chakula changu mwenyewe na maji mwenyewe. Ndiyo safari niliyoiota kabla sijawa na kitu cha kuibebea.

Nilisema nilidhani kudumu ni ugumu. Begi hili si gumu kuliko mengine. Pete yake ilitoka siku ya kwanza. Limedumu kwa sababu mifupa yake iko nje, mtu yeyote anaiona inapouma na anaifikia kwa mkono, akiwa na pini, mshumaa, shazia na nusu saa. Tulilolizoea ni begi ambalo likiharibika sehemu moja limeharibika lote. Hili limekataa.

Jana jioni niligundua mkanda wa kiuno umeanza kufumuka, inchi moja pembeni ya kile kiraka cha uzi mweusi. Fundi viatu wangu alikuwa na uzi wa bluu tu. Nikamwomba anipe shazia nishone mwenyewe, nikaketi kwenye benchi lake, nikaanza pale pale yule mtu wa kwanza alipofunga fundo.